Sakafu ya Mzee Ndevu

Siku ya nane bila choo, Fundi Kioo alipiga magoti mbele ya sanduku la kioo akamwomba mjusi ajisaidie.

"Kidogo tu," alimwambia. "Hata kama punje ya mchele. Nistahi mwenzako, Mzee Ndevu."

Mjusi alikuwa amelala kifudifudi chini ya taa ya joto, mrefu kama mkono wa mtu toka kiwiko hadi ncha za vidole, rangi yake ya udongo mkavu, miiba laini imemzunguka chini ya kidevu. Miiba hiyo ndiyo iliyompa jina. Akiwa mzima huwa ya manjano. Akiwa na hasira au maumivu huvimba na kuwa myeusi. Asubuhi ile ilikuwa myeusi tii, na miguu ya nyuma ilikuwa imenyooka tu, kama vitu alivyosahau kuvichukua.

Tuseme ukweli mapema: Fundi hakumpenda mjusi huyo hata siku moja. Walikuwa wameishi nyumba moja miaka minne wakisalimiana kwa mbali. Mjusi alikuwa wa mke wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha biolojia sekondari mpaka akastaafu. Siku maabara ya shule ilipofungwa na wanyama wakakosa pa kwenda, alimbeba huyu mmoja ndani ya boksi la chaki, akaja naye nyumbani. "Ni yeye au mimi," Fundi alisema siku ile. Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu kuliko Fundi alivyotarajia, kwa hiyo hakuirudia kauli hiyo tena.

Sasa Mwalimu alikuwa hospitali, wiki ya sita, nyonga imeshikiliwa na vyuma. Aliteleza bafuni kwake, juu ya vigae alivyovilaza mume wake kwa mikono yake mwenyewe. Hapo ndipo penye donge la Fundi, na ndiyo maana alikuwa hapati usingizi wala hamu ya chakula.

Maana Fundi Kioo hakuitwa hivyo bure. Hakuna aliyemfikia kwa sakafu. Wateja walijisifu kwamba unaweza kujinyoa ukitazama chini. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa ndiyo tangazo lake: sebule inang'aa, jiko linang'aa, bafu linang'aa kuliko vyote. Na tangu bafu hilo likamilike, Mwalimu alikuwa akimwambia, "Baba watoto, sakafu hii inateleza," naye alikuwa akimjibu, "Haitelezi. Wewe unatembea vibaya." Alimjibu hivyo mwaka hadi mwaka, huku akipiga mswaki, bila hata kugeuka. Kisha siku moja akasikia mlio, na alipofika mlangoni Mwalimu alikuwa chini, mguu umegeukia upande ambao miguu haigeukii.

Wakati anatolewa kwa machela, Mwalimu alisema jambo moja tu. Hakulia, hakumlaumu mtu. Alisema, "Magazeti, Fundi. Mbadilishie magazeti kila asubuhi."

Maana sakafu ya Mzee Ndevu ilikuwa ni magazeti. Ndiyo aliyoichagua Mwalimu, na hakuwahi kueleza kwa nini kwa sababu hakuwahi kuulizwa.

Wiki tatu Fundi aliyabadilisha, tena kwa adabu. Kisha akaja mteja, mwenye ukumbi wa sherehe, kuzungumzia kazi kubwa ya sakafu ya ukumbi wake. Aliketi sebuleni, akasifia hiki na kile, halafu macho yake yakatua kwenye sanduku la kioo. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Fundi Kioo! Kumbe na kwako kuna watu wanalala juu ya magazeti?"

Mzaha ulimchoma Fundi kuliko ulivyostahili. Mteja alipoondoka, alikwenda stoo, akakata kipande cha kigae cheusi kinachong'aa, akakipachika ndani ya sanduku bila mwanya hata wa wembe. Mjusi alipokanyaga, miguu minne ilikwenda pande nne. Alijaribu kumkimbilia nyenje aliyetupiwa, akazunguka palepale kama mlevi, nyenje akamwacha. Fundi alitazama haya yote na bado, hebu fikiria, hayakumkumbusha kitu. Aliona tu kwamba mnyama ni mshamba.

"Huyu ni wa jangwani," akajiambia. "Basi apewe jangwa."

Akaking'oa kigae, akachukua mchanga wa kazi, ule mwembamba. Akauosha ndoo tano mpaka maji yakawa safi. Akauanika, akauchekecha mara tatu kwa chekeche lake dogo kuliko yote, akaumimina ndani ya sanduku kina cha vidole vitatu, akausawazisha kwa ubao. Kisha, na hapa ndipo utamjua mtu huyu, akachukua pima maji na kuiweka juu ya mchanga kuhakikisha kwamba mjusi hatalala kwenye mteremko. Kiputo kilisimama katikati kabisa. Akatabasamu. Alitaka Mwalimu akirudi aione. Kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya machela alihisi amemfanyia mke wake jambo jema, na hakumwambia kwenye simu ili iwe zawadi.

Mzee Ndevu alikula nyenje juu ya mchanga ule siku kumi. Kila alipotoa ulimi wake wa kunata kumdaka mdudu, alidaka na mchanga. Siku ya kumi na moja hakupata choo. Wala iliyofuata. Ndiyo hesabu iliyofikia siku nane na Fundi akiwa magotini.

Lingekuwa suala la mjusi peke yake, pengine angelia kidogo akamzika nyuma ya nyumba. Lakini Mwalimu alipiga simu kila siku saa nne asubuhi, na juma lile alikuwa amesema hivi: "Daktari ananiuliza nikitoka Ijumaa naenda wapi. Dada ameniandalia chumba. Nimemwambia sijaamua."

"Uamue nini? Hapa ni kwako."

"Najua ni kwangu. Kama si Mzee Ndevu, Fundi, ningeshaamua. Anakula?"

"Anakula sana," Fundi alisema.

Kwa hiyo alijua vizuri kilichokuwa kimelala pale chini ya taa na tumbo gumu. Mjusi akifa, Mwalimu harudi.

Alimfunga kwenye taulo, akamtia ndani ya ndoo ya kazi, akaenda kwa daktari wa mifugo. Alikaa kwenye benchi kati ya mbuzi mwenye kikohozi na mbwa aliyevimba sikio, ndoo mapajani, akihesabu pumzi za mjusi. Zamu yake ilipofika, daktari, mama mnene mwenye mikono iliyozoea ng'ombe, alimlaza mjusi mezani na kumpapasa tumbo kwa kidole kimoja.

"Hapa pana tofali," akasema. "Umemlaza juu ya nini?"

"Mchanga. Lakini mchanga mzuri, daktari. Nimeuchekecha mara tatu."

"Mara tatu! Ili umteremke vizuri kooni?"

"Mpe dawa. Mpasue, mfanye lolote."

"Sikiliza, mzee wangu. Mimi natibu ng'ombe na mbwa. Wa aina hii sijawahi kumgusa. Naweza kubahatisha, lakini nikibahatisha nikamchana utumbo, tutamzika leo hii. Hakuna mtu anayewajua wanyama hawa?"

"Mke wangu. Aliwatunza maabara miaka mingi."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Ana simu?"

"Anayo."

Daktari alimfunika mjusi kwa ncha ya taulo, akamsukumia Fundi taratibu. "Basi hapa kwangu umefuata nini?"

Fundi alimrudisha mjusi ndani ya ndoo. Alirudi nyumbani kwa miguu, ndoo kifuani. Akautoa mchanga wote mpaka chembe ya mwisho, akaifuta sakafu ya sanduku kwa kitambaa, akatandika magazeti. Alifikiri labda mjusi akiiona sakafu yake ya zamani, tumbo nalo litakumbuka kazi yake. Mtu akibanwa huwaza mengi. Saa nne Mwalimu alipopiga, alimwambia kila kitu kiko sawa, akakata simu, akajiziba kinywa kwa mkono kama mtoto aliyevunja sahani.

Asubuhi iliyofuata Mzee Ndevu hakufumbua macho.

Fundi alimwita. Aligonga kioo. Alimgusa ubavuni, na mjusi aliyekuwa akimvimbia kila akimkaribia alimwacha aguse tu. Fundi alikaa chini, juu ya sakafu yake ya sebule inayong'aa, akaiona sura yake ndani ya kigae, mzee mwenye macho mekundu, na akaichukia. Akapiga simu kabla ya saa nne, kabla hajapata muda wa kujitungia uongo mwingine.

"Mwalimu."

"Kuna nini? Amekufa?"

"Hajafa. Anakufa. Nilitoa magazeti. Nilimwekea mchanga. Ameumeza, ana siku tisa hajapata choo, leo hafumbui macho. Nimekudanganya kila siku. Sijui la kufanya. Niambie la kufanya, nakuomba."

Fundi alisikia toroli la dawa likipita wodini, na muuguzi akimtania mtu kitanda cha pili.

"Mchanga," Mwalimu alisema hatimaye.

"Nilitaka uone…"

"Usinieleze ulichotaka." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ile iliyowanyamazisha vijana arobaini na tano kwa mkupuo. "Chukua beseni. Maji ya uvuguvugu, tia kiwiko chako. Usihisi baridi, usihisi moto. Kina kiwe mpaka mabega yake, kichwa kibaki nje. Fanya bafuni, ufunge dirisha asipigwe na upepo. Niweke kwenye spika."

Fundi alifanya yote. Aliteka maji, akaweka simu juu ya sinki, akaenda kumchukua mjusi, akamkumbatia kifuani kwa mkono mmoja. Aliingia bafuni haraka. Maji yalikuwa yamemwagika kidogo pembeni ya beseni, utando mwembamba tu usioonekana juu ya ule mng'ao, na mguu wake wa kulia ukaondoka.

Alianguka kwa goti na kiwiko. Mjusi hakumwachia, alimbana kifuani na kuuacha mwili wake upokee kishindo. Goti lililia kwa ndani, maumivu yakampanda mpaka kwenye meno.

Kwenye simu Mwalimu akauliza, polepole, "Umeteleza?"

Fundi alikuwa amelala ubavu juu ya kazi yake bora kuliko zote. Shavu lake liligusa kigae. Kilikuwa baridi, laini, bila kosa popote, na hakikuwa na mahali hata pamoja pa kushika. Aliwaza kwamba mke wake alilala hapahapa akitazama pembe hii ya ukuta, na kwamba kabla ya hapo aliingia humu kila siku, miaka yote hiyo, akiwa na hofu.

"Nimeteleza," alisema. "Inateleza, Mwalimu. Inateleza vibaya sana."

"Mjusi je?"

"Ninaye."

"Mtie majini. Vidole viwili chini ya tumbo, toka kifuani kwenda mkiani. Usibonyeze. Papasa kama unayefuta vumbi kwenye kitabu cha mtu."

Alipapasa dakika ishirini, goti likivimba ndani ya suruali iliyolowa. Hakuna kilichotoka. Mchana akarudia. Jioni akarudia. Mwalimu alimwambia amdondoshee mjusi maji kwenye ncha ya pua, tone baada ya tone, ayalambe. Mjusi alilamba matone matatu akachoka. Siku ya pili hali ikawa ileile. Kila baada ya saa chache simu ilikuwa juu ya sinki, sauti ya Mwalimu ikijaa bafuni, "Taratibu. Mpe pumzi. Badilisha maji yamepoa," na yeye akijibu, "Ndiyo. Ndiyo." Kati ya beseni moja na jingine walizungumza: maumivu ya vyuma wakati wa mvua, binti yao aliye mbali, mwanafunzi wa zamani aliyegeuka kuwa muuguzi wake. Fundi hakukumbuka lini waliwahi kuongea namna ile. Lakini kila alipomtoa mjusi majini tumbo lilikuwa gumu vilevile, na ndevu nyeusi vilevile, na usiku ulipoingia alijua kwamba anamuua kiumbe huyu polepole mbele ya masikio ya mke wake.

"Asipotoa kesho asubuhi," Mwalimu alisema jioni hiyo, "tumwache apumzike. Tusimtese."

"Hapana."

"Fundi."

"Hapana! Nitampapasa mpaka vidole vikatike."

Siku ya tatu, Jumatano, maji ya beseni yakabadilika rangi. Kwanza Fundi alidhani ni ukungu wa macho yake. Kisha mkia ukainuka, mwili mzima wa mjusi ukajikaza, na kikatoka kipande kigumu cha kijivu, kirefu kama kidole cha mwisho cha mtoto. Kilizama mpaka chini. Fundi alikichukua akakivunja kwa kucha: mchanga wake, ule uliooshwa ndoo tano, umeshikana kama zege. Kikafuata kingine. Kisha uchafu wa kawaida, wenye harufu ya kuangusha mtu mzima, ambao hakuna manukato yaliyowahi kumfurahisha Fundi kama huo.

"Ametoa!" alipiga kelele. "Mwalimu, ametoa! Ananuka! Ananitazama!"

Mwalimu alikuwa analia, naye alikuwa analia, na wodi nzima huko inauliza kulikoni. Ilipita muda mpaka mtu aweze kusema neno la maana.

"Sasa," Fundi alisema, akijifuta uso kwa mkono wenye maji yale yale, "Ijumaa nije na gari saa ngapi?"

Mwalimu alijipangusa machozi.

"Ijumaa dada atakuja kunichukua," alisema. "Naenda kwake."

"Lakini yuko hai!"

"Na ninakushukuru. Sitasahau. Mlete huko, pamoja na taa yake."

"Ulisema kama si yeye…"

"Nilisema. Nilikuwa natafuta sababu ya kurudi, nikamshika yeye." Hakuwa na ukali hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Lakini nilisikia ulipoanguka, Fundi. Ule mlio mwili wangu uliutambua kabla ya masikio. Nilishika kingo za kitanda. Siwezi kuingia mle tena. Nikifikiri tu mlango wa bafu, natetemeka."

Ijumaa alasiri Fundi alifika kwa shemeji yake akichechemea, sanduku la kioo kwenye kiti cha nyuma cha teksi, limefungwa mkanda kama abiria. Dada mtu alimfungulia, akamtazama goti, akasema, "Karibu, shemeji," kwa sauti ya mtu anayefanya wajibu. Nyumba ilikuwa ndogo. Sakafu yake ilikuwa ya saruji tupu, imekwaruzwa na fagio miaka mingi, haina rangi wala mng'ao. Fundi angepita hapo zamani angeionea huruma.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha mikono, fremu ya kutembelea mbele yake. Alikuwa amekonda. Alinyoosha mikono kwanza kwa mjusi, na Fundi akamweka kifuani pake bila kinyongo. Mzee Ndevu alitandaza tumbo lake juu ya gauni, akafumba macho kwa raha, ndevu za manjano.

"Amepungua," Mwalimu alisema.

"Wote tumepungua."

Dada akaona ana jambo la kufanya jikoni. Fundi alibaki amesimama katikati ya chumba na kofia mkononi.

"Nitaibomoa," alisema. "Kesho asubuhi. Bafu, jiko, sebule, yote. Nina tindo, nina nyundo. Sitabakiza kigae."

"Utaibomoa," Mwalimu alisema, akimkuna mjusi kisogoni, "halafu utaweka nyingine. Ile unayoona wewe inafaa. Utapima, itakuwa sawa kabisa, utaniita nije niione."

Fundi alifungua kinywa kumwambia ameshaichagua, ile ya mawe yenye chenga, imara, hata ikilowa. Ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Alikifunga kinywa. Katika kazi yake alikuwa akiuliza swali moja kila siku. Aliwauliza wenye maghorofa, aliwauliza wapangaji wa chumba kimoja, aliwahi kumuuliza hata mteja aliyemdhulumu. Sasa lilitoka limekwaruzika.

"Wewe," alisema, "unataka sakafu gani?"

Mwalimu aliinua macho. Alimtazama kama mtu aliyesikia lugha anayoijua ikizungumzwa mahali asipoitarajia. Midomo yake ilianza jibu, ikaacha. Ikaanza tena. Kisha machozi yakamjaa, na Fundi akaona kwamba mke wake alikuwa anatafuta kwa dhati, na hapati.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kufikiria. Sikudhani utaniuliza."

Fundi aliinama kwa taabu, goti likimlilia, akaketi chini kwenye saruji ile mbaya, karibu na miguu yake.

"Fikiria," alisema. "Sina haraka."